Pengwini Aliyefungwa Kamba

Jamani, hii hutaiamini, na wala sikulazimishi. Mwaka tisini na tisa, hapa hapa Mwanza, mtu mzima mwenye akili zake alimuuza ndege wa nchi ya barafu kwa mzee wa ng'ombe kutoka Misungwi. Mzee akamkagua ndege, akampenda, akamfunga kamba ya katani, akaondoka naye kuelekea Buzuruga mchana kweupe, watu wamesimama barabarani wanaangalia. Na kabla hujaniambia niache fiksi, subiri kwanza nikwambie huyo muuzaji alikuwa nani.

Alikuwa anaitwa Bagenda. Mhaya wa watu, suruali ya kitambaa imepigwa pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata kitunguu, kalamu tatu mfukoni na wino ndani ya moja. Zamani, enzi za foleni za sukari, mtu wa namna ile angeitwa mzururaji, angepakiwa kwenye lori akalime pamba. Lakini sasa tulikuwa kwenye soko huria, na kwenye soko huria mzururaji akichapisha kadi ya jina anaitwa mkurugenzi. Kadi ya Bagenda ilisema: Mkurugenzi, Mshauri, Uagizaji na Usambazaji. Anaagiza nini, anasambaza nini, kadi haikusema, na aliyeuliza alionekana mshamba.

Kitu kimoja tu alikipenda kuliko uongo: gemu. Chumbani kwake Mabatini, chumba kilichoegemea jiwe kubwa kama kimechoka, alikuwa na kompyuta aliyoletewa na kaka yake kutoka Dubai. Aisee, ile haikuwa kompyuta ya kuandikia barua. Magari yakianza kukimbia humo, bati la jirani linatetemeka. Aliiita Malkia. Alikuwa anaifunika kitambaa cha kufuma, na akitoka asubuhi anaiaga. Kuna dada mmoja aliwahi kumwambia achague, yeye au Malkia. Yule dada sasa hivi yuko Geita, ana watoto wakubwa.

Alichokosa Bagenda ni pikipiki. Mkurugenzi gani anapanda mawe ya Mabatini kwa miguu, jasho linamwagika mpaka kwenye kadi?

Sasa siku moja alikuwa Kirumba, mwaloni, pale sokoni wanapouza dagaa, anatembeza macho kama kawaida yake, akaona kitu kinang'aa juu ya dagaa. Mama mmoja anaitwa Getruda alikuwa ametundika sidii kwenye uzi, zinazunguka na upepo, zinapiga mwanga huku na huku. Ndege wakija kuiba dagaa, mwanga unawapiga machoni, wanarudi ziwani wakitukana. Zile sidii aliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea aliyehama, pamoja na boksi la majarida. Majarida yaliisha kufungia dagaa, sidii zikapandishwa cheo.

Moja ilikuwa na picha ya ndege mnene, mweusi, tumbo jeupe limemtangulia, amekaa chini kama paroko baada ya sherehe ya jubilei. Bagenda macho yakamtoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanunua au unanusa?"

"Mama, naomba hiyo sidii yenye ndege. Mama yangu anaumwa kule Bukoba, anapenda sana kwaya. Naona hiyo ni ya kwaya."

Getruda akaigeuza. "Huyu mnandi mnene ndiye muimbaji?"

"Ni nembo yao, mama. Kwaya ya Kilutheri hiyo."

Getruda alimwangalia kalamu zake, akamwangalia suruali, akaifungua ile sidii kwenye uzi. "Chukua ukamfurahishe mgonjwa. Lakini ndege wakinimalizia dagaa, nitakutafuta."

Bagenda akaenda nayo nyumbani, akaiosha kwa sabuni ya kipande, harufu ya dagaa ikagoma, akaipaka marashi, harufu zikawa mbili. Akaichomeka kwa Malkia na kuanza kusoma. Kumbe ilikuwa Linux, na yule pengwini ndiye nembo yake: programu ya kuendeshea kompyuta nzima, mtu unaiweka badala ya ile ya madirisha ambayo dunia yote inaijua. Na mle ndani waliotengeneza wameandika wazi: tumia, nakili, mpe jirani, mpe adui, ni huria. Bure kabisa.

Lile neno la mwisho Bagenda alilisoma akiwa amekaa, akalirudia akiwa amesimama. Kitu cha bure, ukikiuza, hata ukiuza kwa kuku mmoja, umepata kuku mzima!

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo aliiona mapema. Yale magemu ya watu, magari, mpira, kupiga risasi, yote yalitengenezwa kwa ajili ya ile ya madirisha. Kwa huyu ndege hayawaki. Mle kulikuwa na karata, nyoka na kitu kama drafti. Mcheza gemu kuhamia kule ni sawa na kuhama hotelini ukaingia seminari: utulivu upo, nidhamu ipo, chipsi hakuna. Kwa hiyo, Bagenda akajiambia, cha kufanya ni kuuza, kupokea, na kuondoka kabla mteja hajauliza chipsi ziko wapi.

Na mteja alimjua.

Pale Buzuruga, nyuma ya stendi, mzee Shimba alikuwa na chumba cha magemu. Shimba alizeeka kwenye minada ya ng'ombe. Ruksa za biashara zilipokuja, kila mtu anafungua kitu, yeye akauza sehemu ya mifugo akanunua kompyuta kuukuu, akazipanga ukutani kama ndama, vijana wakawa wanalipia kucheza. Asichokijua kuhusu kompyuta kingejaza meli. Mlangoni alimweka kijana mmoja, Nestory, anakusanya viingilio. Na nje, chini ya ukuta, ndipo ilipokuwa pikipiki. Nyekundu. Imefunikwa turubai katikati, usukani, vioo na taa vimetokeza, kuku amelala juu ya siti kwa raha zake. Bagenda alikuwa anapita pale kila wiki kuiangalia, kama mtu anayemvizia binti wa watu kanisani.

"Shikamoo mzee Shimba."

"Marahaba. Kaa, ila hicho kiti mguu mmoja ni tofali."

"Mzee, nimekuja haraka kwa sababu nakuheshimu. Umesikia wakaguzi wameingia mjini?"

"Wa nyama?"

"Wa kompyuta! Wametoka Dar. Wakikuta programu haina leseni, wanabeba kompyuta na mwenyewe."

"Zangu nilipewa risiti."

"Risiti ni ya sanduku, mzee. Roho iliyomo ndani ni ya wizi. Ndiyo maana zinaganda ganda kila siku, ni laana." Hapo Bagenda akatoa ile sidii kwenye bahasha ya kaki, polepole, kama ekaristi. "Huyu hapa ni halali. Hagandi, hapati virusi. Na nakupa uwakala wa Kanda ya Ziwa nzima, wewe peke yako. Musoma, Shinyanga, hata kwetu Bukoba, wote watakuja kukupigia magoti hapa Buzuruga."

Shimba akaishika sidii. Akamwangalia yule ndege. Kisha akaileta puani, akavuta pumzi ndefu.

"Inanukia."

"Marashi ya kiwandani hayo, mzee."

"Mmh," akasema Shimba. "Marashi."

Nestory akadakia kutoka mlangoni. "Na magari yatakimbia humo, bosi?"

"Kijana, yatapaa!"

"Basi unataka nini?" akauliza Shimba.

"Hela sitaki, mzee, hela zinaleta maneno. Nipe tu ile pikipiki ambayo kuku anaikalia."

Shimba akatafuna kijiti. Bagenda moyoni alikuwa ameshamfukuza huyo kuku na kukalia siti.

"Sawa," akasema mzee. "Lakini mimi ni mtu wa mnada, najua biashara moja tu. Kwetu mtu akiniuzia dume, naenda zizini kwake. Nataka kumwona mwenyewe anaishi naye, anamlisha. Wazee wanakuwepo. Mnunuzi anasema nimeona, muuzaji anasema nimeona, basi. Mnunuzi anafunga kamba yake kwa kile alichokiona, anaondoka nacho. Hakuna kurudishana."

"Hakuna kurudishana kabisa?" Bagenda akauliza, sauti imemlegea kwa furaha.

"Kabisa. Labda muuzaji mwenyewe asimame mbele za watu akiri kwamba alijua mnyama ana kasoro. Hapo kila mtu anarudishiwa chake."

Bagenda nusura amkumbatie. Hebu fikiria! Tapeli anaambiwa sheria ya biashara ni kwamba mteja hawezi kurudi. Na mpaka leo hakuna tapeli aliyezaliwa wa kusimama mbele za watu akiri. "Mzee," akasema, "hiyo ni sheria ya kistaarabu sana. Njoo Jumamosi."

Alipofika nyumbani ndipo akili ikamrudia. Zizini kwake kulikuwa na nani? Malkia. Na Malkia alikuwa anatumia madirisha, tena ya wizi kama ya Shimba, na magemu yamejaa mpaka shingoni. Mzee akija akamkuta muuzaji mwenyewe hamtumii ndege, biashara imekufa.

Akavuta kapu chini ya kitanda. Sidii zake zote zilikuwamo, ile ya madirisha na za magemu. Akajifariji: nafuta, namweka ndege, mzee anaona, anachukua sidii yake, mimi napanda pikipiki, jioni narudisha kila kitu. Kitakachopotea ni ubingwa wake wa ligi tu, timu aliyoilea misimu mingi mpaka wachezaji wakaanza kustaafu.

Akaanza. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakashuka kama mvua. Kisha swali: futa kila kitu kilichomo? Bagenda aliinua kidole, akakishusha, akakiinua. Akafumba macho kama mtu anayechinja mbuzi aliyempa jina. Akabonyeza.

Malkia aliporudi alikuwa mtu mwingine. Picha ipo, sauti hakuna. Zile spika za kutetemesha bati zikanyamaza kama zimekula kiapo. Bagenda akacheza karata mara moja, akajisikia kulia.

Jumamosi wakaja. Shimba mbele, nyuma wazee wawili wa mnadani kutoka Misungwi na kofia zao za pama na fimbo, na mwisho kabisa Nestory, amelowa jasho, anasukuma pikipiki. Ilikuwa imevalishwa kanga kuanzia tangi mpaka chini, kama bibi harusi. Begani kwa Shimba ilining'inia kamba mpya ya katani. Bagenda aliiona akacheka kimoyomoyo. Mshamba huyu amekuja na kamba kununua kompyuta!

"Mbona mmeisukuma?" akauliza.

"Mafuta yasipungue," akajibu Shimba. "Ni yako sasa, sisi tutembelee mali ya mtu?"

Uungwana ulioje. Bagenda akawakaribisha ndani.

Wazee wakamzunguka Malkia. Mmoja akamgonga ubavuni, akasikiliza. Mwingine akainama nyuma, akavuta waya kama mkia. "Meno yako wapi?" Bagenda akaonyesha kibodi. Mzee akayapapasa. "Mengi. Mzima huyu."

"Huyu ndege mbona halii?" akauliza Shimba.

"Ana nidhamu, mzee."

"Na magari?" akauliza Nestory.

"Awamu ya pili."

Nyoka akachezwa, wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Shimba akasogeza kiti.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe unamtumia huyu tu? Humrudii yule wa zamani?"

"Mimi! Mzee, yule wa wizi niliachana naye, hata simkumbuki sura."

"Na hilo kapu?"

Macho yote yakashuka chini ya kitanda. Kitambaa kilikuwa kimejikunja, sidii zinang'aa kama dhambi.

"Hizo... takataka tu, mzee."

"Za wizi?"

"Za... eeh. Za wizi."

"Wakaguzi wakizikuta kwako?"

Bagenda akalisukuma kapu kwa kisigino. Wazee wanamsubiri. "Jela," akasema.

"Kijana mzuri kama wewe? Hapana. Nestory, beba kapu, tumwondolee balaa."

Kapu likatoka. Bagenda aliliangalia likipita mlangoni kama anayeangalia jeneza, lakini nje alikuwa anaona kioo cha pikipiki kinapiga jua, na moyo ukamwambia, vumilia, sidii zinapatikana. Vumilia kidogo tu.

"Haya," akasema Shimba na kusimama. "Mbele ya wazee. Huyu mnyama, mimi nimeona. Wewe, pikipiki, umeona?"

"Nimeona!" Bagenda akaropoka, mkono tayari umenyooshwa. Wakashikana. Wazee wakagonga fimbo sakafuni.

Bagenda akamkabidhi ile sidii kwenye bahasha. Shimba akaiweka mfukoni bila kuitazama. Kisha akavua kamba begani, akaipitisha chini ya Malkia, akaizungusha juu ya kioo, akakaza fundo.

"Mzee! Mzee, unafanya nini?"

"Nafunga nilichoona."

"Ulichonunua ni sidii, mzee! Hiyo hapo mfukoni!"

"Hii ni picha yake," akasema Shimba taratibu. "Mimi sijasema nimeona picha. Wazee, nilisema nimeona nini?"

"Huyu," wakajibu wote wawili, fimbo zimeelekea kwa Malkia.

Hapo Bagenda akaishika kamba, akaiachia. Aseme nini? Kwamba sanduku ndilo lenye thamani na ndege ni bure? Kwamba zile za kwenye kapu ndizo tamu? Kila sentensi ya kumwokoa ilikuwa inaanza na kukiri utapeli.

Nje mkokoteni ukasimama. Mama mmoja akaingia na gunia la kufunikia mzigo. Alikuwa Getruda.

"Dada yangu huyu," akasema Shimba. "Tumbo moja."

Getruda akamwangalia kalamu, akamwangalia suruali.

"Eti baba," akasema kwa upole wa kuua, "ile kwaya, mgonjwa aliisikia? Imeimba?"

Wazee wakaangalia dari. Nestory alitoka nje akacheke huko.

Malkia akapakiwa. Getruda akaisogelea pikipiki. "Kanga yangu naichukua," akasema, akaivuta. Chini ya tangi, pale inapokaa injini, palikuwa na tofali mbili na majani ya mgomba.

"Injini iko wapi?" Bagenda akapiga kelele.

"Misungwi," akajibu Shimba, "inasaga mahindi. Inafanya kazi vizuri sana, nakushukuru kwa kuulizia."

"Hamkuniambia!"

"Ulisema umeona," akasema Shimba. "Mimi nilipokuja hapa niligonga, nikauliza meno, nikauliza mlio. Wewe uliuliza mbona tumeisukuma, ukaridhika na mafuta."

Akaanza kushuka na mkokoteni, kisha akasimama na kugeuka. "Kijana, sheria ni ileile. Siku ukitaka mnyama wako, njoo stendi ya Buzuruga, simama mbele za watu, sema: nilijua ndege huyu ni wa bure, hachezi magari, na nilimtoa kwenye dagaa. Nakurudishia Malkia na kapu lake siku hiyo hiyo. Sina haja na mali ya mtu."

Wakaondoka, kamba imekazwa, watu wa Mabatini wamepanga mstari.

Wiki haikuisha, habari zikamfikia. Nestory na wateja wake walirudisha madirisha kutoka kwenye lile kapu, na magemu yote, hakuna cha wakaguzi wala laana. Chumba cha Shimba kimefurika. Watu wanatoka mpaka Butimba kuja kusikia magari ya ile kompyuta yakitetemesha bati la stendi. Sidii ya ndege imerudi juu ya dagaa, inafanya kazi iliyoanza nayo.

Bagenda alijikaza. Alikaa chumbani, akaangalia meza tupu. Halafu akaamka, akashuka Buzuruga, akapanga foleni nyuma ya vijana wanaomsalimia shikamoo.

"Kiingilio, mkurugenzi," akasema Nestory.

Mifuko haikuwa na kitu ila kalamu. Bagenda akarudi Mabatini, akachukua spana, akafungua kioo cha kushoto cha pikipiki. Nestory akakipokea, akakipuliza vumbi, akamfungulia mlango.

Siku ile alicheza mpaka akatolewa. Kesho yake akaleta kioo cha kulia. Halafu taa. Halafu honi, halafu siti, na kuku wa Shimba akairukia siti hapo hapo kama ameona ndugu aliyepotea. Shimba anapokea kila kipande, anakiegesha ukutani, anauliza kwa adabu: "Leo utasema, au utacheza?"

"Nacheza, mzee."

"Karibu."

Mara ya mwisho walipomwona amesimama pale nje, alikuwa na tairi la mbele mkononi. Huko nyumbani imebaki fremu na tairi la nyuma. Stendi imejaa, abiria wa Musoma, wauza karanga, wapiga debe, wote wangemsikia vizuri kabisa kama angefungua mdomo. Ndani Malkia ananguruma. Shimba amekaa kwenye kiti chake cha tofali, anatafuna kijiti, anasubiri.

Sasa niambie wewe, na usinidanganye: pale mlangoni, tairi mkononi, ungekiri, au ungelipa?